Tonge la Theluji

Krismasi ya 2022, dhoruba ya theluji ilipoupiga mji wetu wa Buffalo, Marekani, mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Umeme ulikatika usiku. Tulilala watatu kitanda kimoja, makoti mwilini, upepo wa Ziwa Erie ukivuma mpaka vioo vya madirisha vinalia. Kulipokucha theluji ilikuwa imefika usawa wa kitasa cha mlango. Mjini na kwenye viunga vyake walikufa watu zaidi ya 40, wengine wakiwa wamekwama ndani ya magari yao.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kabla ya kuja Marekani, theluji niliyowahi kuiona ni ile kofia nyeupe ya Kibo, nikiwa dirishani mwa basi la Arusha. Baada ya Krismasi ile nikaiogopa theluji kama mtu anavyoiogopa bahari iliyomeza ndugu yake.

Kwa hiyo mtoto alipoanza chekechea niliwaambia walimu asitolewe nje wakati wa baridi, atapata kichomi. Walinisikiliza. Wiki nzima wenzake wakicheza uwanjani, yeye alisimama dirishani, paji la uso limegandamana na kioo. Jioni moja nikimvua viatu akaniuliza:

"Mama, mbona mimi sichezi?"

"Baridi hii si yetu, baba."

"Ni ya nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilibaki nimeshika soksi yake.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda maktaba ya mtaani kwetu. Nilimwomba mkutubi kitabu cha picha kuhusu majira ya baridi, chochote kitakachomtuliza mtoto asiyetoka nje. Akanipa *The Snowy Day* cha Ezra Jack Keats. Jaladani kuna mtoto Mweusi mwenye ovaroli nyekundu, kofia yake ina ncha, amegeuka anatazama nyayo zake mwenyewe kwenye theluji. Mwanangu alikichukua mikononi mwangu kabla sijakifungua.

Hadithi yenyewe ni fupi. Peter anaamka, anaona theluji imefunika kila kitu, anavaa, anatoka. Anatembea vidole vikiwa vimeelekea nje, kisha vikielekea ndani. Anauburuza mguu ili auone mstari wake. Anapata kijiti, anaupiga mti, theluji inamwangukia kichwani. Hakuna zaidi ya hapo, ni mtoto na siku yake.

Nyumbani kwetu tunasema Kiswahili, basi nilimsomea kwa Kiswahili, nikitafsiri palepale. Hapo ndipo nilipoona kazi ilivyo. Neno theluji tunalo, lakini maneno ya kuishi nayo ni machache. Kipupwe cha Tanga ni sweta ya alfajiri na chai ya tangawizi, hakifanani na hiki cha hapa. Mlio wa miguu ya Peter nikauita chaka, chaka, chaka, kama mtu anayekanyaga majani makavu. Theluji ya mtini ilidondoka pu! Na lile donge analofinyanga mkononi nikaliita tonge, maana ndilo umbo mkono wangu unalolijua. Mwanangu akalishika neno hilo kwa furaha. Kila usiku lazima tufike kwenye tonge.

Na tukifika huko, analia. Peter analiweka tonge mfukoni alihifadhi kwa ajili ya kesho, anaingia kwenye nyumba yenye joto, anaoga. Kabla ya kulala anatazama mfukoni, hamna kitu. Siku tatu mfululizo mwanangu alilia ukurasa huohuo.

Nikaanza kumsoma aliyekitunga. Keats alizaliwa Brooklyn mwaka 1916, wazazi wake Wayahudi waliohama kutoka Poland. Mwaka 1940 alikata kwenye gazeti la *Life* picha za mtoto mdogo Mweusi aliyekuwa anakwenda kutolewa damu ya kupimwa, akazihifadhi. Zaidi ya miaka 20 baadaye uso ule ukawa Peter. Kitabu kilitoka 1962, na mwaka uliofuata kikapewa nishani ya Caldecott, ambayo hutolewa Marekani kwa michoro ya vitabu vya watoto. Wakati ule vitabu vya picha vyenye mtoto Mweusi kama mhusika mkuu vilikuwa vya kuhesabika.

Mengi ya ndani ya kitabu hiki yamekatwa na kubandikwa. Chembe za theluji Keats alizigonga kwa mihuri aliyoichonga kwenye vifutio. Ukuta wa chumba cha Peter aliurushia wino kwa mswaki. Gauni la mama yake Peter ni kipande cha kitambaa cha mpira, kile cha kutandika kwenye makabati. Nilipolijua hilo nililitazama gauni muda mrefu. Meza ya jikoni ya mama yangu, Ngamiani, Tanga, ina kitambaa cha aina hiyohiyo, chenye maua, kona moja imeungua kwa sufuria.

Mwaka 1965 Nancy Larrick, mwalimu na mwandishi wa Marekani, alilalamika kwamba maandishi ya kitabu hayatamki popote kuwa Peter ni Mweusi. Naielewa hoja yake, na kwa wakati ule ilikuwa na uzito. Lakini mimi kutotamkwa huko ndiko kulikonitoa nje. Hakuna anayemuuliza Peter anafanya nini pale. Hakuna anayempa ruhusa. Mwaka 2020 Maktaba ya Umma ya New York ilitangaza kwamba katika miaka yake 125 hakuna kitabu kilichoazimwa kuliko hiki: zaidi ya mara 485,000.

Tulitoka Jumapili asubuhi. Ovaroli ya mtumba, dola 8. Aliitaka nyekundu, iliyokuwepo ni ya bluu. Aliikubali nilipomwonyesha kwamba kofia yake nayo ina ncha. Nilimvika soksi mbilimbili, buti, glavu, nikampaka mafuta mashavuni. Mlangoni alisimama, akanyosha mguu mmoja, akaukanyagia polepole.

"Chaka," akasema. Akanigeukia. "Mama, kweli inasema chaka."

Alitembea vidole nje, vidole ndani, mpaka kwenye uzio wa jirani. Niliifuata mistari yake, na kwa mara ya kwanza tangu ile Krismasi nilisimama katikati ya theluji bila kuangalia saa.

Tulipoingia ndani alikuwa na tonge mkononi, na hakulitia mfukoni.

"Peter hakuwa na friza," akaniambia.

Tukalifunga kwenye mfuko wa nailoni, likakaa kati ya kisamvu na samaki. Jioni tukapiga simu ya video Tanga.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mume wangu."

"Nimekuwekea tonge."

"La nini, mume wangu? La ugali?"

"La theluji."

Mama alinyamaza, akavaa miwani. Mtoto akafungua friza, akaisogeza simu karibu mpaka kioo kikafanya ukungu.

"Mbona linatoa moshi?" Mama akauliza. "Niwekee hapohapo. Usilile, na mama yako asilipikie."

Siku ya usaili wa viza ya Bibi bado haijapangwa. Tonge limesinyaa, limekuwa barafu ngumu yenye alama za vidole vinne. Ninapotoa samaki mwanangu huja kusimama kando yangu, anahakikisha nimefunga mlango vizuri.