Skripti ya Python iliyogoma Windows: "svgo" haionekani, na ipo

Skripti hupunguza uzito wa ramani za SVG za wilaya za Pemba kwa kuita programu ya nje, svgo, iliyosakinishwa kwa npm, kisakinishi cha programu za JavaScript. Kwenye Linux mambo shwari. Kwenye Windows hutoka FileNotFoundError, WinError 2, ingawa ukiandika svgo mwenyewe kwenye dirisha la amri inaitika.

Kuongeza njia kwenye PATH, orodha ya folda ambamo programu hutafutwa, hakukusaidia. Ilikuwemo tangu mwanzo. shell=True (kuiambia subprocess, moduli ya Python inayoendesha programu za nje, ipitie dirisha la amri), na amri yote katika mstari mmoja, iliondoa kosa hilo ikaleta jingine: faili "Ramani ya Chake Chake.svg" lilifika kwa svgo likiwa vipande vinne.

Kumbe siri ni herufi tatu za mwisho. Kwenye Windows npm huweka svgo.cmd, wala si svgo.exe. Dirisha la amri hujaribu viambishi vyote vilivyomo kwenye PATHEXT, orodha ya Windows ya viambishi vya programu, lakini subprocess bila shell huongeza .exe tu. Basi itafutie njia kamili kwanza:

njia = shutil.which("svgo")
if njia is None:
    sys.exit("svgo haijasakinishwa")
subprocess.run([njia, faili], check=True)

which huisoma PATHEXT, hivyo hurudisha njia pamoja na .cmd yake. Orodha [njia, faili] nayo hulinda nafasi za jina la faili. Msisahau check=True, maana bila hiyo svgo ikishindwa skripti huendelea kimya kimya.

Tahadhari moja: faili la .cmd bado hupitia cmd.exe, yaani dirisha la amri, kwa hiyo majina yenye & au % yasafisheni kabla.