Nilivyowafundisha wanangu kuhusu bunduki, za kuchezea na za kweli

Ninamiliki bastola kwa leseni kwa sababu ya biashara yangu ya nafaka hapa Moshi, hivyo nililazimika kulifikiria suala la watoto na silaha mapema. Hatua ya kwanza haikuwahusu watoto wenyewe: bastola hukaa bila risasi ndani ya sefu, risasi hufungiwa mahali pengine kwa kufuli lake, na funguo zote ninazo mimi. Silaha inamilikiwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni ina jina langu. Sikuona haki ya kumtwisha binti wa miaka sita mzigo wa kuwa mwangalifu kwa niaba yangu.

Kuhusu za kuchezea tulibishana kidogo na mama watoto, aliyetaka zipigwe marufuku. Kila sikukuu inapokaribia, wamachinga wa soko la Mbuyuni hupanga bastola za plastiki kwa wingi, na mtoto aliyenyimwa huokota kijiti akaendelea na vita vyake. Tulikubaliana kwamba za maji na za rangi kali ziruhusiwe, lakini nyeusi zinazofanana na za kweli zisitoke nje na watoto. Mwaka 2014, katika mji wa Cleveland nchini Marekani, polisi walimpiga risasi na kumuua Tamir Rice, mtoto wa miaka 12, aliyekuwa na bunduki ya kuchezea isiyo na alama ya rangi ya chungwa mdomoni mwa mtutu, ile inayoonyesha kuwa si ya kweli. Nasi tuna walinzi wenye silaha kwenye milango ya benki. Sharti jingine ni kwamba kumlenga mtu au mnyama, hata kwa maji, kunamfanya mhusika anyang'anywe hadi kesho yake, na kilio hakibadilishi hukumu.

Kwa silaha ya kweli niliwafundisha hatua ambazo Wamarekani huwafundisha watoto wao: simama, usiguse, ondoka, mwambie mtu mzima. Walizikariri kwa siku moja. Hata hivyo, utafiti wa mwanasaikolojia wa Marekani, Raymond Miltenberger, na wenzake ulionyesha kwamba mtoto anaweza kuzitaja hatua hizo vizuri na bado akaigusa bastola anapoikuta akiwa peke yake, na kwamba kinachosaidia ni mazoezi katika mazingira yanayofanana na tukio lenyewe. Kwa hiyo nilinunua bastola nyeusi ya kuchezea, nikaificha nusu chini ya mto wa kochi, kisha nikakaa ukumbini kama ninayesoma simu. (Silaha halisi haifai kutumika kama mtego, hata ikiwa tupu.) Kijana wangu wa miaka tisa, aliyekuwa bingwa wa kukariri, ndiye aliyenyoosha mkono. Sikumgombeza, niliingia, nikamwomba anionyeshe alichopaswa kufanya, naye akarudia kuanzia mlangoni mpaka kuniita, mara kadhaa. Baadaye niliibadilishia mahali, mara kabatini, mara chini ya kiti cha gari, hadi wote wawili wakawa wanakuja kuniita bila kukumbushwa. Binti alikuja akikimbia na kunishtaki: "Baba, umeacha tena!"

Kilichobaki ni nyumba za watu. Tulipokwenda Machame kwa Krismasi nilimwuliza shemeji yangu, tukiwa wawili tu, ile shotgun ya mzee inawekwa wapi siku hizi.

"Imefungiwa stoo, shemeji, usiwe na wasiwasi."

"Na risasi?"

Risasi zilikuwa kwenye droo ya chumba walimolala watoto wote. Tulizihamisha usiku huohuo, kabla ya chakula. Wapo wanaoliona swali hilo kuwa la utovu wa adabu, hivyo siku hizi mimi huanza kwa kueleza ninavyoihifadhi ya kwangu, na mwenyeji hunieleza ya kwake bila kuulizwa.