Kifurushi cha vinywaji melini: anza na hesabu ya siku za bandarini

Anayepanga safari ya meli ya kitalii akifikiria kifurushi cha vinywaji, yaani kulipa bei moja kwa siku badala ya kulipia kila glasi, picha inayomjia ni ya siku moja tu: meli iko katikati ya bahari, jua kali, kiti cha kujilaza kando ya bwawa, baa hatua kumi kutoka hapo. Siku hiyo atakunywa kweli. Shida ni kwamba kifurushi hakiuzwi kwa siku hiyo peke yake. Kinauzwa kwa siku zote za safari, tangu ya kupanda hadi usiku wa mwisho, na huwezi kukilipia Jumanne na Alhamisi ukairuka Jumatano uliyoshinda ufukweni ukinywa kwa pesa yako mwenyewe.

Tuchukue mfano. Kifurushi chenye pombe kimetangazwa dola 75 kwa siku. Juu yake kuna tozo ya huduma, ambayo kwenye meli nyingi zinazotoza kwa dola ni asilimia 18 hadi 20, na mara nyingi bei iliyoandikwa kwa maandishi makubwa bado haijaihesabu. Kwa asilimia 18, dola 75 inakuwa 88.50. Ukinunua kinywaji kimoja kimoja unalipa tozo ileile, kwa hiyo kokteli ya dola 14 inakuwa 16.52 na bia ya 8.50 inakuwa 10.03. Gawanya: pesa yako inarudi kwenye kokteli ya sita, au kwenye bia ya tisa. Kwa siku. Kila siku.

Sasa iweke hesabu hiyo kwenye wiki halisi ya usiku saba, yenye siku ya kupanda, siku mbili za baharini na siku nne za bandarini. Kifurushi kimekugharimu dola 619.50, yaani kokteli 38. Siku ya kupanda umeingia melini mchana, ukanywa nne. Siku mbili za baharini umekunywa saba saba, jumla kumi na nne. Siku za bandarini umeshuka saa mbili asubuhi, umerudi jioni umechoka, umekunywa tatu wakati wa chakula cha usiku. Mara nne ni kumi na mbili. Zote ni 30. Kwa bei ya rejareja zingekuwa dola 495.60, kwa hiyo umelipa dola 123.90 zaidi, na wala hukuwa mnywaji wa kubabaisha. Ndiyo maana swali la kwanza ni meli inatia nanga mara ngapi. Wiki ya bandari tano ni biashara mbaya kwa mnywaji wa kawaida. Safari ya kuvuka Atlantiki, siku sita au saba bila kuona nchi kavu, ni habari nyingine kabisa.

Kinachoweza kubadilisha matokeo ni vitu visivyo pombe. Kifurushi kikubwa kwa kawaida hubeba pia kahawa za mashine, soda, maji ya chupa na kokteli zisizo na kileo. Mtu anayekunywa kahawa mbili za dola 5, chupa mbili za maji za 3.50 na soda moja ya 4 tayari ametumia dola 24.78 pamoja na tozo. Zinabaki 63.72, ambazo ni kokteli nne tu. Lakini jiulize kwa ukweli kama ungezinunua hizo kahawa. Maji ya bomba la mgahawani, chai, kahawa ya kawaida ya birika na juisi ya asubuhi huwa bure kwenye karibu meli zote. Kama pombe yako ni glasi moja ya mvinyo usiku na mengine yote ni soda na kahawa, angalia kifurushi kisicho na pombe. Bei yake ni sehemu ndogo ya kile kikubwa, na watu wengi hukiruka bila hata kukisoma.

Masharti yanayouma

La kwanza ni la chumba. Kwenye meli za kampuni za Carnival na Royal Caribbean, mtu mzima mmoja akinunua kifurushi chenye pombe, watu wazima wote wenye umri wa kunywa katika chumba hicho wanatakiwa kununua. Sababu ni ya wazi: kifurushi kimoja kisinyweshe watu wawili. Kwa hiyo mume anayekunywa sana na mke anayeonja kidogo wasihesabu vinywaji vya mume peke yake. Waweke kokteli zote za wawili upande mmoja, na dola 1,239 upande wa pili. Asiyekunywa kabisa, kwa mfano mjamzito au mtu aliye kwenye dawa, apige simu kabla ya safari. Baadhi ya kampuni humruhusu achukue kifurushi kisicho na pombe, ila mara nyingi njia hiyo huioni mtandaoni, lazima uzungumze na mtu.

La pili ni dari ya bei. Kifurushi hufunika kinywaji hadi kiasi fulani: dola 14 kwa Royal Caribbean, 20 kwa Carnival. Ukiagiza kinachozidi, kuna kampuni inayokutoza tofauti tu, na kuna inayokutoza bei yote kwa punguzo. Wiski ya miaka mingi na mvinyo wa chupa nzima ndipo watu hushtukia bili.

Halafu idadi. Carnival inaweka kikomo cha vinywaji 15 vyenye pombe kwa saa 24, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 asubuhi inayofuata. Kuna wanaolalamikia kikomo hicho. Binafsi naona anayekifikia ana shida kubwa kuliko kikomo. Kinachosumbua zaidi ni kwamba unapata kinywaji kimoja kwa wakati mmoja na kusubiri dakika chache kabla ya kingine, kwa hiyo huwezi kwenda baa ukarudi na glasi yako na ya mwenzio kwa kadi moja. Ukimpa mtu mwingine kinywaji chako ni kosa. Mfumo wa baa unaonyesha kila agizo na saa yake, na kifurushi kinaweza kufutwa bila kurudishiwa pesa.

Tena usidhani kifurushi kinakufuata kila mahali. Cha Royal Caribbean kinafanya kazi kwenye kisiwa chao cha CocoCay huko Bahamas. Vingine huenda visifanye kazi hata kwenye kisiwa cha kampuni yenyewe, kwa hiyo uliza kabla. Friji ndogo ya chumbani kwa kawaida haimo. Na meli ikiwa imefunga gati, au iko kwenye maji ya nchi fulani, kodi ya hapo inaweza kuongezwa hata kwenye kinywaji cha kifurushi. Senti chache, lakini zinashangaza ukiziona kwenye bili uliyodhani ni sifuri.

Ukiamua kununua, nunua kabla ya kupanda. Kwa kawaida bei ya ndani ya meli ni ya juu zaidi. Kwa kampuni ambazo bei yake hupanda na kushuka, Royal Caribbean ikiwa mojawapo, unaweza kununua leo, ukaona imeshuka mwezi ujao, ukafuta na kununua upya kwa bei mpya, mradi safari haijaanza.

Chupa ya mkononi

Watu wanaokunywa mvinyo na si kingine mara nyingi hawahitaji kifurushi kabisa. Kampuni nyingi zinamruhusu kila mtu mzima kupanda na chupa moja ya mvinyo au shampeni ya mililita 750, siku ya kwanza tu. Meli za Disney zina mkono mpana zaidi: chupa mbili za mvinyo au bia sita kwa mtu mzima, na tena katika kila bandari. Pombe kali haipiti.

Chupa hiyo ibebe mkononi, kwenye begi unalopanda nalo. Usiitie kwenye sanduku unalowakabidhi wapagazi. Masanduku yote hupita kwenye mashine ya eksirei, na lenye chupa huwekwa kando. Utakaa chumbani hadi jioni ukisubiri nguo, kisha uitwe ukalifungue mbele ya mlinzi. Ile hila ya kujaza vodka kwenye chupa ya shampuu wanaijua siku nyingi.

Chupa ukiinywea chumbani, aghalabu hulipi kitu. Ukienda nayo mgahawani kuna ada ya kufunguliwa, dola 15 kwa Carnival kwa mfano. Mililita 750 ni glasi tano za mililita 150. Wawili wenye chupa mbili wana glasi kumi, ambazo baa ingeziuza dola 12 kila moja kabla ya tozo, yaani dola 141.60 ukiiongeza. Pia mgahawani nunua chupa badala ya glasi. Chupa ya dola 45 inafika 53.10 ukiongeza tozo, sawa na 10.62 kwa glasi, dhidi ya 14.16. Usipoimaliza, mwambie mhudumu aiandike namba ya chumba chako. Ataitia kizibo na kuileta kesho yake.

Glasi yenyewe

Rudi kwenye zile kokteli 38 za kurudisha pesa. Kokteli yenye mililita 50 za pombe ya asilimia 40 ina mililita 20 za kileo halisi, ambazo kwa kipimo cha Uingereza ni yuniti mbili. Kwa hiyo 38 ni yuniti 76. Mwongozo wa afya wa huko unashauri usizidi 14 kwa wiki. Kifurushi kinakuweka kwenye mashindano na bei yako mwenyewe, na mshindi ni yule anayekunywa mara tano zaidi ya anavyoshauriwa. Mtu akisema "nilishalipa, acha ninywe", pesa imeshatoka. Glasi ya tisa hairudishi hata senti.

Ini linahitaji takribani saa nzima kushughulikia kinywaji kimoja cha kawaida: bia ya mililita 355 ya asilimia 5, mvinyo mililita 150, au pombe kali mililita 44. Vinywaji vya bwawani havifuati vipimo hivyo. Barafu iliyosagwa na sukari huficha kileo, na kokteli iitwayo Long Island ina pombe kali nne au tano ndani ya glasi moja refu. Mwombe mhudumu wa baa barafu nyingi na pombe nusu. Hatakucheka, anaombwa hivyo kila siku. Kati ya glasi mbili weka maji, hasa juani. Jua linakutoa jasho, pombe inakutoa mkojo, na kiu inaweza kuongeza maumivu ya kichwa ya kesho asubuhi. Bwawa la maji moto ukiwa umekunywa ni hatari: mishipa inatanuka, shinikizo la damu linashuka, unasimama ghafla, unaanguka.

Bahari yenyewe hulevya. Vidonge vya kichefuchefu cha melini kama dimenhydrinate na meclizine huleta usingizi, na bandiko la scopolamine la nyuma ya sikio vilevile. Vyote vikichanganyika na pombe usingizi huwa mzito na miguu haitii. Siku ya mawimbi chagua kimoja, dawa au kileo. Ngazi za meli zina kingo za chuma na roshani zina reli inayofika kiunoni au juu kidogo. Usikae wala kuegemea juu yake hata kwa picha. Bima nyingi za safari hukataa kulipa ajali iliyotokea ukiwa umelewa, na zahanati ya meli hutoza kila kitu kwenye akaunti ya chumba.

Umri nao uuangalie kabla ya kumnunulia kijana kifurushi: safari nyingi zinazoanzia Marekani zinadai miaka 21, na nyingi zinazoanzia Ulaya zinaruhusu 18. Kampuni ni ileile, hata meli inaweza kuwa ileile. Kinachoamua ni safari inaanzia wapi.

Chupa za duka lisilo na ushuru, na zile ulizonunua bandarini, hushikiliwa hadi usiku au asubuhi ya mwisho. Anayeingia Marekani akiwa na miaka 21 kwa kawaida hupita na lita moja bila ushuru, na kinachozidi kinaweza kulipiwa, kutegemea ulikokinunua. Ukishukia Galveston, jimbo la Texas lina meza yake ya kukusanya kodi ya pombe palepale bandarini, hata kwa hiyo lita moja, kwa hiyo weka dola chache karibu.

Bili iangalie jioni ya mwisho, kwenye programu ya meli au kwenye televisheni ya chumbani. Kinywaji kilichoandikwa mara mbili, au kilichotozwa pesa ilhali kimo kwenye kifurushi, husahihishwa kwa dakika tano usiku huo. Asubuhi ya kushuka foleni ya meza ya wageni huzunguka ukumbi mzima.