Pengo la 1 Samweli 13:1

Leo semina ilisimama kwenye 1 Samweli 13:1 na haikubanduka hapo mpaka kengele ya chakula. Kiebrania cha aya hiyo, ukikifuata kilivyo, kinasema Sauli alikuwa "mwana wa mwaka" alipoanza kutawala, na alitawala Israeli miaka miwili. Ndivyo umri unavyotajwa katika Kiebrania: Daudi katika 2 Samweli 5:4 ni mwana wa miaka 30 alipopata ufalme, akatawala miaka 40. Wafalme wa Yuda nao wanatambulishwa hivyohivyo, mmoja baada ya mwingine. Kwa Sauli sentensi ipo, tarakimu haipo. Hata ile miaka miwili haitoshi kubeba vita vyote anavyosimuliwa kupigana. Paulo, akihubiri Antiokia ya Pisidia katika Matendo 13:21, anampa miaka 40.

Nimerudi bwenini aya hiyo ikiwa bado kichwani, na usingizi hauji, basi naandika.

Pengo lenyewe halinisumbui. Vitabu vilinakiliwa kwa mkono kwa karne nyingi, ngozi ikachakaa, wino ukafifia, macho ya mwandishi yakachoka. Kinachonikosesha usingizi ni wale waliolikuta pengo hilo wakaliacha. Wamasoreti, wataalamu wa Kiyahudi waliofanya kazi hasa Tiberia, kando ya Ziwa la Galilaya, kati ya karne ya 7 na ya 10, walipokea maandishi ya konsonanti tupu wakayawekea alama za irabu na za kughani. Kiebrania walikijua kuliko profesa yeyote wa leo. Hakuna aliyehitaji kuwaambia kwamba mtoto wa mwaka mmoja hatawali nchi. Neno moja tu lingemaliza kazi, na hakuna ambaye angewashitaki. Hawakuliingiza. Waliweka irabu kwenye maneno waliyoyakuta, wakaendelea na aya ya pili.

Hiyo ndiyo tabia yao kitabu kizima. Palipo na neno ambalo mapokeo yao yalilisoma tofauti na lilivyoandikwa, konsonanti waliziacha zilivyo, na pembeni mwa ukurasa wakaandika namna ya kulisoma. Lililoandikwa linaitwa Ketiv, linalosomwa linaitwa Qere. Kurasa za Samweli zimejaa mambo hayo, maana ni kati ya vitabu vilivyopata misukosuko mikubwa kuliko vingine katika Agano la Kale. Pembeni hukohuko kuna vinoti vidogo mno. Utakuta herufi ya lamedi yenye nukta juu yake, na maana yake ni kwamba umbo hili la neno halipo tena popote katika Maandiko. Hebu fikiri kazi iliyo nyuma ya herufi hiyo moja. Ili uthubutu kuiandika, lazima Maandiko yote yawe kifuani mwako, kuanzia Mwanzo hadi mwisho, bila faharasa na bila kompyuta.

Mwisho wa Samweli, ambacho kwao ni kitabu kimoja, waliandika hesabu: aya 1,506, na katikati ya kitabu ni maneno yanayofungua 1 Samweli 28:24. Nilikwenda kuiangalia. Ni yule mwanamke wa Endori. Ana ndama aliyenona nyumbani. Anafanya haraka kumchinja, anatwaa unga, anaukanda, anaoka mikate isiyotiwa chachu, na kumlisha mfalme ambaye siku inayofuata atakufa mlimani Gilboa. Sisi wachungaji tukiigusa sura ya 28 ni kwa ajili ya kukemea uganga, kisha tunafunga kitabu kabla ya chakula kuiva. Mtu aliyeketi kuhesabu maneno ya Mungu moja baada ya jingine alipita hapo polepole, akaweka alama. Mimi nimeihubiri sura hiyo mara nyingi, na huyu mama sijapata kumsikia akitajwa kwa wema mimbarani.

Wapo walioshindwa kuvumilia pengo la 13:1, na siwalaumu. Targumi, yaani tafsiri ya Kiaramu iliyosomwa katika masinagogi, inasema Sauli alikuwa kama mtoto wa mwaka mmoja asiye na dhambi. Inapendeza, na inahubirika vizuri sana. Nakala chache za Kigiriki ziliweka miaka 30, ila hapo tatizo linahama tu, kwa kuwa aya inayofuata inamwonyesha Jonathani akiwa tayari na watu 1,000 chini yake, na Jonathani ni mtoto wa huyohuyo wa miaka 30. Kodeksi (kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono) ya Vatikano, nakala kuu ya Kigiriki ya kitabu hiki, haina aya hiyo kabisa. Watafsiri wa siku hizi wengine wameweka tarakimu, wengine wameweka nukta tupu mahali pa tarakimu.

Mwalimu alituuliza: mngekuwa kwenye kamati ya kutafsiri Biblia ya Kiswahili, mngeandika nini? Mabishano yalikuwa makali. Sista mmoja tunayesoma naye alisema wengi katika kanisa hupokea neno kwa masikio, na masikio hayaoni tanbihi. Somo likisomwa kwa sauti mbele ya watu halipaswi kuwa na shimo katikati. Ni hoja nzito, na nimeitafakari njia nzima. Hata hivyo nipo upande wa nukta. Anayesoma kwa sauti anaweza kunyamaza kidogo, na mhubiri yupo kwa ajili ya kueleza.

Tukaingia sura ya 17, ile ya Daudi na Goliathi, na hapo ndipo semina ilipopamba moto. Toleo tunalosomea, lile la Stuttgart, linafuata Kodeksi ya Leningrad, iliyonakiliwa Kairo mwaka 1008 au 1009 na mwandishi Samweli bin Yakobo, na leo imehifadhiwa St Petersburg. Ndiyo Biblia ya Kiebrania iliyo kongwe kuliko zote kati ya zile zilizobaki kamili. Kodeksi ya Aleppo ni kongwe zaidi na wengi wanaiona bora, lakini sehemu yake kubwa ilipotea baada ya ghasia za mwaka 1947, karibu Torati yote. Ndio mwaka huohuo magombo ya kwanza ya Bahari ya Chumvi yalipofika mikononi mwa wataalamu. Mwaka 1952 katika pango la nne la Qumran, kando ya bahari hiyo, vikapatikana vipande vya gombo la Samweli vilivyoandikwa katika karne ya 1 kabla ya Kristo, miaka kama 1,000 kabla ya Leningrad.

Katika Leningrad, urefu wa Goliathi ni dhiraa sita na shibiri, karibu mita 3. Katika gombo la Qumran ni dhiraa nne na shibiri, kama mita 2 hivi. Kodeksi ya Vatikano inasema nne vilevile, na Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya 1, naye anasema nne. Mashahidi watatu wa zamani wanakubaliana, na wataalamu wengi wanaona nne ndiyo ya asili. Mimi pia naona hivyo.

Sasa rudi nyuma usome 9:2. Sauli alikuwa mrefu kuliko watu wote, kuanzia mabegani kwenda juu. Sura ya 10 inarudia jambo hilohilo siku anapotangazwa kuwa mfalme. Kama Goliathi ana mita 3, Waisraeli wote wana udhuru, Sauli akiwemo. Kama ana mita 2, basi kambini kuna mtu mmoja ambaye kimo chake kinakaribiana naye, ana chapeo ya shaba na ana dirii, na alichaguliwa na watu wakasema awaongoze vitani. Mtu huyo amekaa hemani siku 40. Hadithi nzima inageuka. Macho yanahama kutoka kwa jitu yanamwangukia mfalme, na kijana mchungaji anapomvulia Sauli silaha zake na kumrudishia, unaelewa anachokikataa.

Ndiyo maana najitahidi na lugha hizi, ingawa ndugu wengine huniuliza zinasaidia nini huko usharikani. Mimi sikubali kabisa ule utaratibu wa funika kombe mwanaharamu apite tunaouzoea mimbarani, kwamba waumini wakijua kuna tofauti za nakala imani yao itapungua. Waumini wetu wamezika watoto, wameuza ng'ombe kulipa ada, wamekaa na wagonjwa miaka. Tarakimu iliyodondoka haitawaangusha. Kinachoweza kuwaangusha ni kugundua kwamba mchungaji alijua akanyamaza.

Likizo iliyopita nilimtembelea mwinjilisti wetu mstaafu, mzee aliyenifundisha kipaimara. Nilipomaliza kumwamkia na uji ukaletwa, aliuliza ninachosoma huko chuoni. Nikamweleza habari za Goliathi. Alinyamaza sana, nikadhani nimemkwaza.

"Kwa hiyo, Mchungaji, alikuwa mtu kama watu?"

"Mtu mrefu, baba. Mrefu sana. Lakini mtu."

"Basi Sauli hakuwa na sababu."

Sikuwa nimemtajia Sauli. Aliifikia mwenyewe, maana Samweli anaijua kwa moyo. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo hasa tunalosomea: maneno yanapoteaje? Nikafungua 14:41, pale Sauli anapotaka kura imwonyeshe aliyekosa. Katika Kiebrania anamwambia Bwana, Mungu wa Israeli, maneno mawili tu, "lete kamilifu", na mtu anabaki akijiuliza ni kitu gani hicho. Kigiriki kina sala ndefu, inayotaja Urimu na Thumimu, yaani kura takatifu za kuhani: Bwana, Mungu wa Israeli, mbona hukunijibu mimi mtumishi wako leo? Kama uovu umo ndani yangu au ndani ya mwanangu Jonathani, Bwana, Mungu wa Israeli, toa Urimu. Na kama umo ndani ya watu wako Israeli, toa Thumimu. Mwandishi alinakili mpaka neno Israeli la kwanza, akachovya kalamu, akarudisha macho kwenye gombo, na macho yakatua kwenye Israeli la mwisho. Yote yaliyokuwa katikati yakabaki huko. Konsonanti za Thumimu zilibakia, na kwa kuwa Urimu haikuwepo tena kando yake, karne nyingi baadaye Wamasoreti wakaziwekea irabu za neno "kamilifu".

Mzee alivaa miwani akaweka kidole kwenye ukurasa wa Biblia yake, akanisomesha tena polepole, Israeli hadi Israeli. Halafu akasema yule mwandishi alikuwa amechoka, na pengine taa ilikuwa inaishiwa mafuta. Alisema kwa huruma kabisa, kama anayemzungumzia jirani. Mimi nimesoma kurasa nyingi za uhakiki wa matini na sijakutana na mtaalamu anayemhurumia mwandishi namna ile.

Jambo la kushukuru ni kwamba Kigiriki kilikuwepo. Wayahudi wa Aleksandria na kwingineko walishatafsiri vitabu vyao kabla ya Kristo, kanisa la mwanzo likavisoma katika lugha hiyo, na kilichodondoka mkono mmoja kikahifadhiwa mkono mwingine. Wamasoreti nao wangeweza kumpa Sauli umri wowote walioutaka, na leo tusingejua kwamba kuna kitu cha kutafuta. Kwa kuliacha pengo wazi walitukabidhi kazi. Nimeamua tasnifu yangu ihusu sura ya 13 na ya 14, na msimamizi amekubali, ila ametaka nisome kwanza Kigiriki cha sura hizo chote bila kutegemea tafsiri.

Jioni hii mzee amepiga simu. Ameendelea mwenyewe mpaka kitabu cha pili, amefika 21:19, amemkuta Elhanani wa Bethlehemu akimuua Goliathi Mgiti, na anataka kujua aliuawa mara ngapi. Nimemwomba asome 1 Mambo ya Nyakati 20:5 kwanza, ambapo anayeuawa na Elhanani ni Lahmi nduguye Goliathi, kisha aniambie yeye anadhani mwandishi yupi alikuwa anamsaidia mwenzake. Amesema atanipa jibu baada ya ibada ya Jumapili, na kwamba darasa la Biblia la wazee wamekubaliana kuanza Samweli upya, sura ya kwanza.