Kwa nini hapa?

Mpwa wangu ameitwa kwenye usaili, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Mjomba, wakiuliza kwa nini nataka kazi kwao, nikisema nahitaji pesa nitakuwa nimekosea?" Hutakuwa umesema uongo, nikamjibu, ila utakuwa umejibu swali jingine. Pesa inaeleza kwa nini unatafuta kazi. Wao wanauliza kwa nini umekuja kwao na si kwa jirani yao.

Nikakumbuka ule usaili wa bohari ya dawa. Usiku wa kuamkia siku ile nilikaa na tangazo la kazi na kalamu, nikapigia mstari kila jambo lililotajwa zaidi ya mara moja, kwa sababu mwajiri hurudia linalomuuma. Kompyuta ilitajwa mara moja. Dawa zilizopitwa na muda zilitajwa kwenye majukumu, zikarudi kwenye sifa za mwombaji, zikatokea tena mwishoni. Jibu langu nikalijenga hapo: wanachohangaika nacho, nilichowahi kufanya kinachofanana nacho, na nitakachoanza nacho nikiajiriwa. Nikalisema kwa sauti huku natazama saa. Dakika moja na nusu inatosha. Zaidi ya hapo msaili huanza kupekua wasifu wako, na ukiona karatasi zinafunuliwa ujue umeshampoteza.

Sifa nilizitupa zote: taasisi yenu ni kubwa, napenda changamoto, nataka kujifunza. Kipimo chake ni rahisi. Toa jina la mwajiri huyu, weka la mwingine. Jibu likisimama vilevile, halifai. Hilo la kujifunza lina ubaya wa ziada, maana msaili anasikia kwamba atakulipa mshahara na juu yake akusomeshe.

Basi wakauliza, nami nikasema: "Tangazo lenu limerudia sana dawa zilizopitwa na muda. Nahisi mzigo mpya unapangwa mbele ya ule wa zamani."

Kimya. Mama aliyeketi katikati akaweka kalamu chini, akamtazama bwana wa kushoto kwake. Yule bwana akatazama meza.

"Nani amekwambia?"

Hakuna aliyeniambia, bohari nyingi ndivyo zilivyo. Lori linafika, wapakuzi wana haraka, katoni mpya inawekwa mbele kwa kuwa nafasi iko mbele, na ya zamani inajificha nyuma hadi siku ya kuhesabu. Yule mama akaniuliza ningefanya nini. Nikaanza na hesabu: kilichopo rafuni kilinganishwe na kilichoandikwa kwenye leja. Kisha tarehe ya mwisho wa matumizi iandikwe kwa kalamu nene, upande wa katoni unaotazama njia, na inayowahi kuisha muda itoke kwanza hata kama ndiyo iliyoingia mwisho. Hapo wengi huteleza, wanafuata tarehe ya kupokea mzigo. Akahamia kwenye majokofu ya chanjo. Nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, kipimajoto kisomwe asubuhi na jioni, na boksi zisiegemee ukuta wa nyuma, maana ziko chanjo ambazo zikiganda zimeharibika, hata zikija kuyeyuka. Bwana wa kushoto naye akaanza kuandika.

Mengine yalikwenda mbio: mshahara, wadhamini, tutakupigia simu. Wakapiga.

Ningependa kumwambia mpwa kwamba jibu lile ndilo lililonipa kazi. Shida ni jamaa tuliyeajiriwa naye siku moja. Yeye alijibu kwamba anaishi hatua chache kutoka getini, kwa hiyo lori likiingia alfajiri litamkuta. Basi. Nimelipima jibu lake kwa kipimo changu na limepita vizuri tu, kwa sababu kwa mwajiri mwingine lisingekuwa na maana yoyote. Na tangazo lenyewe, aliniambia baadaye, hakuwahi kulisoma.