Siku ya nne Goba

Jumamosi tulihama Sinza. Kazi yangu ya uhasibu naifanyia nyumbani, kwa hiyo nyumba hii ndiyo ofisi pia.
Meza bado iko kwa fundi. Kompyuta iko juu ya boksi la vyombo, mimi juu ya ndoo.

Leo saa nne asubuhi, katikati ya kikao, giza. Luku, umeme wa kulipia kabla, imeisha.
Nikatoka mbio, na hata duka la karibu silijui.

Mama wa nyumba ya pili alikuwa anafagia uwanja.
"Nitajie namba ya mita, mwanangu."
Akanunua kwa simu yake. Jina langu hakuuliza.

Tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita aliziandika kwenye karatasi ya daftari la mjukuu wake, nne nne, kwa mwandiko wa kutulia, kila fungu kalipigia mstari chini ili nisikosee.

Umeme ukarudi. Kikao nikakiwahi mwishoni.

Karatasi ile nimeibandika ukutani, mbele ya ninapokaa. Kuta nyingine zote bado tupu.

Jioni nampelekea hela yake, ila naona haitoshi. Niongeze nini jamani?
Na ninyi, mlipohamia, nani aliwapokea?