Kofia ya nahodha

Tanga lililonikalisha chini wiki hii ni la mashua ya jirani, nalo limechanika pale pale yanapochanika yote, upande wa joshi, ule unaoelekea upepo. Kushona tanga ni kazi ya vidole na mgongo, kichwa hakina la kufanya. Kwa hiyo mpwa wangu hunisomea. Juzi alikuwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vile vya 1861 hadi 1865, Kaskazini dhidi ya Kusini iliyotaka kubaki na utumwa, nami nilikuwa nikimsikiliza kwa sikio moja tu, majenerali na farasi wao, mpaka akafika kwa mtu mmoja ambaye kabla ya kupata jina alikuwa fundi wa matanga.

Nikajichoma kidole. "Rudia hapo."

Mtu mwenyewe anaitwa Robert Smalls. Alizaliwa mtumwa mwaka 1839, mji wa Beaufort, South Carolina. Alipofika miaka 12 bwana wake akampeleka Charleston akafanye kazi za kukodishwa: ujira kwa bwana, yeye anabakiziwa dola moja kwa wiki. Hilo sikuhitaji kufasiriwa. Pwani hii yetu nayo ilikuwa na watumwa wa namna hiyo, wanatoka asubuhi kufanyia watu kazi, jioni fungu kubwa la ujira ni la bwana. Neno kibarua, ambalo leo twamwita mtu yeyote wa kazi ya kutwa, lina historia hiyo ndani yake, ingawa hatupendi kuitaja.

Charleston aliwasha taa za barabarani, akahudumia wageni hotelini, kisha akashuka bandarini. Akapakua mizigo, akafunga kamba, akashona matanga, mwisho akashikishwa usukani. Mafungu yote ya mchanga ya bandari ile aliyajua. Ila rubani hawakumwita. Rubani lilikuwa jina la mzungu, yeye alikuwa mshika usukani tu, basi.

Mimi jahazini nilianza upishi, kama watoto wengi wa Amu, yaani Lamu, wa zamani zangu. Tulikuwa tukipakia boriti kwenda Mombasa. Kazi ya mtoto mpishi ni kuwapo bila kuonekana, na asiyeonekana huona mengi. Nilijua nahodha wetu akikuna shingo tanga litageuzwa, akinyamaza kuna mwamba. Nyuma ya mlingoti nilikuwa nikimwiga anavyosimama, mkono mmoja kiunoni, mpaka baharia mmoja akanipiga kofi la kichwa nikamwaga wali. Sasa mnajua kwa nini kisa hiki kimenikamata.

Smalls aliwekwa kwenye meli ya moshi iitwayo Planter. Ilijengwa kubeba pamba, vita vilipoanza jeshi la Kusini likaitumia kubebea mizinga na askari baina ya ngome za bandari. Nahodha wake alikuwa na kofia pana ya majani. Mabaharia watumwa wakawa wanatania kwamba Smalls akiivaa, kwa mbali humtofautishi naye. Mzaha ule ukakaa kichwani mwa Smalls.

Alikuwa na mke, Hannah, mtumishi wa hoteli, na watoto. Aliwahi kupatana na bwana wa mkewe amnunue yeye na binti yao kwa dola 800. Mkononi alikuwa na dola 100.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862 maofisa watatu wa kizungu walishuka kwenda kulala mjini, kinyume cha amri. Saa tisa usiku Smalls akavaa koti la nahodha na ile kofia, moto ukakokwa, meli ikang'oa. Wakapitia gati jingine kuwachukua wake na watoto, kisha wakaelekea mlangoni mwa bandari, mwendo ule ule wa kila siku. Hapo ndipo mimi nilipoacha sindano. Mtu ana mkewe na watoto chini, mizinga ya ngome tano inamtazama, na haongezi mwendo! Kila kituo alipiga honi ya ishara kama inavyotakiwa, kwa sababu kwa miezi alikuwa amesimama pale pale akisikia ikipigwa. Walipofika Fort Sumter, ngome vilikoanzia vita mwaka mmoja kabla, ilikuwa kama saa kumi na nusu alfajiri. Akasimama dirishani amekunja mikono kifuani, kama mwenye meli. Honi mbili ndefu na moja fupi. Wakampa njia.

Nje ya bandari zilikuwa meli za Kaskazini zimeziba mlango, na ya kwanza kumwona, Onward, ilikuwa chombo cha matanga. (Nilifurahi kama mtoto.) Ilikaribia kuipiga mizinga, maana Planter ilikuwa ikija upande wao. Smalls akateremsha bendera ya Kusini, likapanda shuka jeupe la kitanda alilolileta Hannah. Ndani mlikuwa na watu 16, mizinga, na kitabu cha ishara za siri za adui.

Juzi hiyo hiyo usiku nilikisimulia kisa hiki uwanjani Mkunguni, mbele ya ngome yetu. Mzee mmoja, nahodha mstaafu, akaniachia nimalize, akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Chombo chake?"

"Si chake, mzee wangu."

"Basi ameiba."

Mwingine akamuuliza, "Na yeye mwenyewe alikuwa wa nani?"

Pakawa kimya kidogo. Kisha, kwa kuwa hapa ni Amu, mazungumzo yakageukia jambo lililowauma zaidi: nahodha analalaje nje na chombo kimejaa mizinga? Hilo lilichukua nusu saa. Niliwaambia kuwa maofisa wale walishtakiwa kijeshi, wakaridhika sana.

Ila mimi lililoninyima usingizi ni kitambaa. Wazee wetu kitambaa kigumu cha pamba waliita merikani, na kwenye cherehani za mjini bado mnalisikia neno hilo. Kililetwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakirudi kwao na pembe za ndovu na sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti. Viwanda vilikuwa Kaskazini, pamba ilitoka Kusini, kwenye mashamba walikotumikishwa watu kama Smalls. Yaani pamba iliyochumwa na mtumwa kule ilivuka bahari ikawa nguo ya kununulia pembe huku, na pembe ilishuka pwani mabegani mwa watu ambao wengi wao nao walikuwa watumwa. Vita vilipozuia pamba, kitambaa cha Uingereza na cha Bombay kikachukua nafasi sokoni. Jina likabaki. Babu zangu wa kazi hii walishona merikani. Nao sijui walikuwa wakiuliza pamba imetoka wapi. Mimi sikuwahi.

Smalls alizawadiwa dola 1,500, akakutana na Rais Lincoln mwaka ule ule, akaendelea kuongoza meli za Kaskazini vitani. Weusi kama 180,000 waliingia jeshi lile. Mwanzoni askari mweupe alilipwa dola 13 kwa mwezi, mweusi 10, na kati ya hizo 3 zikakatwa za sare. Kikosi cha 54 cha Massachusetts kilikataa kabisa kuzipokea kwa zaidi ya mwaka, huku kikipigana. Mabaharia wa hapa wanaolipwa kwa mafungu ya mapato wataelewa ugumu wa kufanya hivyo na una watoto nyumbani.

Baada ya vita Smalls akawa mbunge huko Washington. Nyumba ya bwana wake wa zamani kule Beaufort, ambayo alizaliwa kibandani nyuma yake, aliinunua. Akafa mwaka 1915, katika mji huo huo, na malaria ikatajwa katika maradhi yaliyomwua. Mwenzetu hata kwa hilo.

Asubuhi ya leo yule nahodha mstaafu alipita na bakora yake, akasimama juu ya tanga langu kama anayekagua mshono. Hakusalimu.

"Ile kofia," akasema, "aliirudisha?"

Mpwa wangu akatoa simu kuanza kutafuta. Mimi nikamwambia anipe uzi kwanza, maji yanajaa na mwenye mashua atakuja.